Mtahiniwa wa Thelathini na Tano

Bwenini,
Jumapili, 2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo umekubali kunyooka, au bado unaupeleka kazini umekunjwa kama mashuka yako? Mimi mzima. Mafua niliyokuwa nayo wiki iliyopita yamehamia kwa jirani yangu wa kitanda cha juu.

Uliniuliza tunaishije huku, ukasema nisikujibu "vizuri tu" kama mtu anayejaza fomu. Haya. Saa kumi na moja alfajiri inagongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya jiko. Mabomba ni mawili, na moja hukohoa tu. Ndoo zinapangwa foleni tangu jana yake, na mwenye ndoo isiyo na jina shauri yake. Uji, darasa, maharage, darasa, usafi, maharage, prepo ya kujisomea usiku, kulala. Uji ukiwa mwepesi tunasema leo mpishi ametupikia kioo, maana unajiona sura. Walimu ni watano kwa shule nzima. Wa hesabu alikwenda likizo ya ugonjwa mwezi wa kwanza, kikabaki kiti chake.

Shule ikiwa ndogo, kazi zinawaangukia wachache. Mimi ni kiranja wa bweni na pia monita wa kidato cha nne, kwa hiyo daftari la mahudhurio, la asubuhi na la jioni, ninalishika mimi. Matroni alisema mtu anayeandika kwenye shajara mvua imenyesha saa ngapi hawezi kukosea kuhesabu watu.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa Mwalimu Mkuu alitukusanya. Alisema ili tufanyie mtihani hapa lazima kidato cha nne tuwe thelathini na watano. Maofisa wa mitihani watakuja kutuhesabu mwishoni mwa Juni. Akipungua hata mmoja, kituo kinafutwa, hatufanyi mtihani mwaka huu, na shule inafungwa. Tulianza mwaka tukiwa thelathini na wanane. Leo tuko thelathini na watano kamili. Tangu Ijumaa mtu akikohoa darasa zima linageuka.

Huyo jirani wa kitanda cha juu tunamwita Kifutio. Alikuja na kifutio cha pekee darasani, akakikata vipande akatugawia mpaka mwenyewe akabaki hana. Amelelewa na bibi yake, kama ulivyonilea wewe. Ijumaa, Mwalimu Mkuu alipotuhesabu, alikuwa wa mwisho kwenye mstari, wa thelathini na tano, akaninong'oneza, "Kumbe shule yenyewe ni mimi." Tulicheka mpaka Matroni akageuka.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, isipokuwa mashine kubwa ya kufulia, hiyo ndiyo mgonjwa wetu. Tunafua mashuka ya wodi tatu kwa mikono. Msimamizi anataka yahesabiwe mara tatu kwa siku, eti kuna mwizi. Nikamwambia, bwana, na mgongo huu nitaliiba shuka nilibebe kwa meno?

Nimesoma habari ya hesabu yenu. Sikiliza. Mimi darasa nililiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaingia kwenye povu la sabuni, na humo ndimo nilimo hadi leo. Baba yako hakufika hata hapo. Wewe ndiye wetu wa kwanza kukaribia mtihani huo, sitaki ukukimbie mlangoni. Washike wenzako. Anayelia, lia naye, mpe bega, lakini asiondoke. Daftari liko mkononi mwako, basi kaa chonjo.

Likizo mje wote wawili na huyo Kifutio. Mwambie nina godoro la ziada na mdomo usiochoka.

Shangazi yako


Jumapili, 8 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole na kazi. Sabuni na malapa vimefika. Malapa yote mawili ni ya mguu wa kushoto, lakini nimeshazoea, natembea kama mtu anayekata kona.

Barua tunazotuma Matroni huzisoma zote, kwa hiyo kuanzia hii nampa mpishi azitie posta akienda sokoni. Bibi yake Kifutio amepasuliwa jicho, na jirani aliyekuwa akimtilia dawa amehama. Kifutio aliomba ruhusa ya siku tatu. Nilikuwa mlangoni na daftari, nikasikia.

"Hesabu ni tarehe ishirini na nne," Mwalimu Mkuu akasema. "Kabla ya hapo hatoki mtu."

"Nitarudi, Mwalimu. Siku tatu."

"Wale watatu wengine nao walisema hivyo hivyo."

Kweli walisema. Jioni kwenye kamba ya nguo Kifutio akaniambia, "Niandikie yupo. Siku tatu tu, hata ndoo yangu haitakauka." Nikamwambia anataka kunifukuzisha. Akasema, "Wewe? Wewe huwezi kukosea, Matroni kasema." Wengine wakacheka, na mimi nikacheka.

Sijamjibu bado. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao


Jumatatu, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya tarehe kumi na saba, ulipouliza kama mwishowe Kifutio alipewa ruhusa. Sikukujibu. Leo nakuandikia kila kitu kwa mpangilio, nikinakili kutoka kwenye shajara.

Jumanne tarehe 10 Juni, saa tisa mchana, wakati wa usafi, alipita nyuma ya jiko na mfuko wa nailoni, akaelekea njia panda kupanda basi. Jioni nikaandika yupo.

Tarehe 13 hakurudi. Nikajiambia jicho la bibi halijapona. Nikaandika yupo. Tarehe 16 nikataka kusema, na wenzangu bwenini wakanizunguka. Aliyekuwa mpole kuliko wote akaniuliza, "Ukisema, tutakwenda wapi sisi?" Nikaandika yupo. Walimu hawatuangalii nyuso, Shangazi, wanaliangalia daftari.

Tarehe 24 maofisa walikuja. Walihesabu vichwa thelathini na vinne. Nikawaambia mmoja yuko zahanati anaumwa tumbo. Wakafungua daftari, wakaona mwezi mzima hana pengo, wakatia sahihi. Mchana tulipikiwa wali. Tuliimba.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Bibi yake alikuja, jicho moja lina bandeji, akiongozwa na mtoto wa jirani mwingine. Amembebea mjukuu wake sabuni, sukari na soksi. Akasema hajamwona tangu Januari. Kifutio hakufika kwake, Shangazi. Tangu tarehe 10 mpaka jana ni siku kumi na tisa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akimtafuta, kwa sababu kwa bibi yake yuko shuleni na kwa daftari langu yupo.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikasema yote. Mwalimu Mkuu alikaa. Alivua miwani akaifuta mara nyingi sana. Kisha akasema, "Ukitaja tarehe kumi, hesabu ni ya uongo, na ninyi thelathini na wanne mnarudi nyumbani leo." Akachukua kalamu mwenyewe, akarekebisha daftari, akaandika na barua ya shule kwamba ametoroka jioni ya tarehe 27. Siku tatu baada ya maofisa kuondoka.

Akatoka akampa bibi barua, akamwambia, "Mjukuu wako ametoroka juzi."

Bibi akasema, "Juzi? Basi hajafika mbali."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikashika mkoba wake nikamsindikiza getini.

Polisi wanakuja kesho. Niambie la kufanya. Chochote utakachosema nitakifanya.

Mwanao


12 Julai

Mwanangu,

Salamu sina leo, nisamehe. Barua yako nimeisoma mara nne chooni kwa wafuaji, halafu nikaitia chini ya pipa la maji ya moto ikaungua.

Najua unataka nikuambie nenda kaseme. Nimekaa siku nyingi nikijaribu kuliandika neno hilo na mkono umekataa. Ukisema, wewe ndiye uliyeandika. Si yule mwenye miwani. Watauliza ni nani alishika kalamu, na wote watakunyooshea kidole, hata hao mlioimba pamoja.

Msichana wa miaka kumi na saba akiondoka huwa kuna mahali amekwenda. Wapo wanaopata kazi za ndani, wapo wanaoingia kwa mwanamume, baadaye hurudi na aibu zao na watu husahau. Nimewaona wengi. Polisi si wanamtafuta? Tarehe hii au ile, njia si ndiyo moja?

Nyamaza mpaka mtihani uishe. Ukimaliza karatasi ya mwisho, nenda popote ukaseme lolote, na mimi nitakuja kusimama nawe. Hii si amri. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uje kwangu na tetekuwanga yako na kile kigauni cha kuazima.

Shangazi yako


Jumanne, 9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima.

Nimefanya ulivyosema. Polisi hawakuja siku ile niliyokuambia, walikuja barua yako ikiwa imeshafika, mara mbili. Mara ya kwanza askari mwenye daftari dogo aliniuliza lini nilimwona mwisho, nikasema tarehe 27. Mara ya pili alisema wamekwenda kwa kampuni ya basi. Abiria wote wa njia panda huandikwa majina kwenye vitabu vya tiketi. Wameangalia tarehe 27, 28 na 29. Jina lake halimo. Kwa hiyo, akasema, hakupanda basi, na msako wameuhamishia mashambani, upande wa pili.

Alipanda basi, Shangazi. Si tarehe hizo.

Namba za mtihani zimebandikwa kwenye madawati. Yake ni dawati la nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo. Mvua ikinyesha linalowa, na hakuna anayelisogeza.

Mwanao


3 Oktoba

Mwanangu,

U mzima? Barua yako ilikuwa fupi kama ya karani. Nimekutumia tena malapa, safari hii nimeyavaa mwenyewe dukani yote mawili, ni kulia na kushoto. Mashine imepona, ila sasa msimamizi ndiye anayetoa sauti ile mbaya.

Unalala? Unakula? Zimebaki wiki chache. Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako


9 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua zako za Oktoba na Novemba zote tatu nimezipata, malapa pia. Najua ulikuja shuleni siku ya kufunga ukaambiwa nimeshaondoka. Nisamehe kwa nauli na kwa mgongo.

Karatasi ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 21 Novemba, biolojia. Nadhani nimefaulu. Jumatatu asubuhi nilikwenda kituo cha polisi na shajara. Sikukusubiri, kwa sababu ungekuja ungezungumza, na nisingeweza.

Alikuwa askari yule yule. Alisoma ukurasa wa tarehe 10 Juni, akarudia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kwa nini sasa?" Nikamwambia nilikuwa na mtihani. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ngapi. Akapiga simu kwa kampuni ya basi nikiwa pale pale. Vitabu vya tiketi hutunzwa miezi mitano. Vya wiki ile ya Juni walivichoma wiki mbili kabla sijaenda. Dereva na kondakta wa basi la mchana la siku hiyo, mmoja ameacha kazi, mwingine hakumbuki. Na ni nani angekumbuka msichana mmoja mwenye mfuko wa nailoni, baada ya miezi mitano?

Askari akaandika tarehe mpya juu ya ile ya zamani, akasema nitaitwa. Mpaka leo sijaitwa. Mwalimu Mkuu naye hajaulizwa, na shule imetangaza nafasi za mwakani.

Utauliza niko wapi. Niko kwa bibi yake Kifutio. Nilikuja tarehe 27 Novemba kumwambia ukweli, nikidhani ningefukuzwa, na nilikuwa nimejiandaa. Alinifungulia mlango akanipapasa uso, akasema, "Wewe ndiye uliyenishikia mkoba." Akaniwekea maji ya kuoga. Jicho halikupona, lile jingine nalo linafifia. Hakuna wa kumtilia dawa. Asubuhi na jioni namtilia mimi.

Usije kunichukua. Sina hasira nawe, maana daftari nililishika mimi. Ila nikikuona nitakumbuka kwamba nilikuuliza, na kwamba nilifurahi uliponijibu vile.

Kila jioni baada ya chakula bibi hutoa barua ya shule iliyokunjwa ndani ya kitambaa, ananiomba nimsomee. Ninaisoma kama ilivyo. Inasema aliondoka jioni ya tarehe 27 Juni. Jana nilianza kumwambia. Nikasema, "Bibi, hiyo tarehe." Akanishika mkono.

"Naijua," akasema. "Siku ile nilikuwa nafunga mzigo wake, namtilia soksi. Angenisubiri siku mbili tu, tungeonana."

Nikaikunja barua nikamrudishia.

Binti wa kaka yako