Gitaa la Baba Ng'ambo ya Korongo

Mdogo wangu Encarna,

Kabla hujamwamini Ceferino, nisikilize mimi. Najua ameshakupigia simu, maana binamu yetu huyo akimeza habari inamwasha tumbo mpaka aiteme, na akiitema inatoka na mkia na pembe. Atakuwa amekwambia gitaa la baba liliaibika. Mke wa mwenye baa naye anasema lilishinda mpaka mbwa wakabweka. Padri, ambaye hata hakuwepo, anasema ulikuwa muujiza. Waongo wote. Anayeijua hadithi hii sawasawa ni mmoja tu duniani, ndiye huyu anayekuandikia kwa herufi za miguu ya kuku, kwa sababu kwenye simu wewe unawakatiza watu maneno.

Haya, salamu kwanza, mama asije akanifinya sikio kutoka kaburini. Hujambo wewe? Magoti yanakubali ngazi za huko Sabadell? Huku tuko wazima. Milozi imechanua mapema, mijinga hiyo, baridi itaikomesha. Mimi na miaka yangu themanini na moja bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote kijijini, ingawa ni kweli tumebaki wachache, na wengine hawaoni vizuri.

Sasa tuje kwenye shauri la mjukuu wako. Nieves alifika Jumamosi na gitaa lake jipya mgongoni, na fundi aliyelitengeneza nyuma yake, kijana wa Granada anaitwa Eloy, mpole, vidole vimejaa gundi. Kama unavyojua, mtoto ana mtihani wake wa mwisho wa muziki kwenye ule ukumbi mkubwa mjini, na anataka aupigie gitaa la babu yake mkuu. Ila anasema sauti ya gitaa hilo ni ndogo, haitafika safu ya tatu. Kwa hiyo Eloy alipasue tumbo, azing'oe mbavu za zamani, vile vijiti vya ndani vinavyoushikilia uso, aweke za kisasa. Na wewe ulipoulizwa, maana nusu ya gitaa ni yako, ukajibu kwa simu nikiwa hapohapo nasikia: lifungueni, kuni ni kuni, kwani baba alikihurumia kitanda changu?

Nikaenda kuhakikisha gitaa bado liko kwenye msumari wake.

Kesi yako hiyo ya kitanda tumeila kila Krismasi pamoja na njugu. Kwamba siku ya ubatizo wako mjomba Tobalo alilikalia gitaa, likapasuka kama tikiti. Kwamba baba akasema kalipeleka kwa fundi mjini. Na kwamba siku zilezile za njaa na baridi, kasha la machungwa ulilokuwa unalalia likatoweka, baba akasema kalitia motoni, na mama hakumsemesha mpaka Kwaresima. Hata siku tunamzika ulisema mbele ya jeneza, huyu alinichomea kitanda nikiwa sijajua kukaa. Watu walicheka. Wewe hukucheka, nilikuona.

Basi, Jumapili baada ya misa jikoni palijaa. Nikawatilia mvinyo, nikamwambia Nieves ayapige yote mawili, wimbo uleule, tusikie.

Encarna, mimi si mtu wa kusifu vitu vipya, lakini lile jipya ni kitu. Ndani yake Eloy ameunganisha mbao nyembamba zinazopishana kama nondo za dirisha la jela, na amezitia zile nyuzi nyeusi za kaboni wanazotengenezea baiskeli za mashindano. Uso wake mwembamba kama ganda la kitunguu. Nieves alipogusa uzi wa kwanza, sauti ilijaa jikoni kama mkate unavyojaa tanurini. Vikombe vikatetemeka kwenye misumari. Na mlio hauondoki! Unavuta kiti, unakaa, unaagiza glasi. Mnene, mtamu, nyuzi zote sita sawa kama askari. Nilibaki mdomo wazi, na bahati nzuri hakukuwa na nzi.

Kisha akalitundua la baba. Ule ubao wake wa mberoshi umekuwa na rangi ya asali, na vigingi vya mbao vya kukazia nyuzi vinalia kama mlango wa ghala. Sauti yake unaijua: kavu, fupi, kali. Mlio unatoka, unakwambia neno lake, unaondoka bila kuaga. Baba mwenyewe. Baada ya lile jipya, nakuapia, lilikuwa kama kijiko kinagonga bakuli.

Ceferino akaniambia mbele za watu, "Serafín, hilo la baba yako ni mbuzi mwenye mafua." Nikamjibu mbuzi angalau anatoa maziwa, wewe tangu uzaliwe hujatoa kitu. Lakini moyoni niliumia, maana alisema kweli.

Hapo ndipo nikakumbuka alivyokuwa akisema baba, nikawaambia: gitaa halipimwi jikoni, linapimwa ng'ambo ya korongo. Watu wakacheka. Nikachukua fimbo yangu, nikasema asiye na magoti abaki. Nieves akapanda juu ya paa letu na magitaa yote mawili. Mimi, Eloy na Ceferino tukashuka korongoni, tukavuka daraja, tukapanda mpaka kwenye kile kiwanja cha mawe walikokuwa wakipuria ngano. Mimi nilifika wa kwanza. Ceferino atakwambia nilibebwa kwenye mteremko. Nilishikwa mkono tu, kwa heshima.

Nieves tulimwona mdogo kama nzi kwenye karatasi. Mto ulikuwa umejaa maji ya theluji, unanguruma chini yetu. Akaanza na lile jipya.

Lilifika. Sisemi halikufika, mimi si Ceferino. Lilifika kama ukungu: pana, laini, hujui limeanzia wapi, na mto ukachanganyika nalo mpaka usingeweza kusema hizi ni nyuzi na haya ni maji.

Kisha akachukua la baba.

Mdogo wangu, nimeona mengi, na nusu yake nimeyatunga, lakini hili sikulitunga. Ile sauti kavu, ile iliyokuwa inagonga bakuli jikoni, ilivuka korongo lote na haikulowa. Mlio mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kama mtu anayevunja lozi kando ya sikio lako. Mto ulikuwa hapo hapo na ngurumo yake, lakini ni kama ulisogea pembeni upishe. Nilisikia kucha ikikwaruza uzi. Nilisikia kidole kikihama! Nikageuka kutazama nyuma, nikidhani anayepiga yuko pale kiwanjani kasimama nasi. Eloy alivua kofia. Ceferino, ambaye mdomo wake haujafungwa tangu komunyo yake ya kwanza, aliufunga.

Ungedhani mambo yameisha. Tuliporudi Nieves alitusikiliza, halafu akasema, "Babu, ukumbini hakuna korongo. Ukumbini kuna mazulia na watu wanaokohoa. Eloy, lifungue." Ni damu yako kabisa, kichwa cha nyumbu.

Eloy akaomba kwanza aangalie anachokwenda kukata. Akalegeza nyuzi, akaingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno, na taa ndogo. Akatazama. Akafuta kioo, akatazama tena. Kisha akasema mbavu hizi hakuzitia fundi yeyote. Ni msonobari wa makasha, mbili zimekwenda upande, na moja ina tundu la msumari. Akasema kwa alivyofundishwa yeye, gitaa hili halikupaswa hata kulia. Lakini kila ubavu umejaa alama za kisu kidogo: mtu amekwangua, akagonga, akasikiliza, akakwangua tena, sijui majuma mangapi, mpaka mbao zikamtii. Aliyefanya hivi, akasema Eloy, hakujua kazi hii hata kidogo, na mimi siwezi kuifanya. Halafu akauliza kama mtu anayejisemea mwenyewe: ila kwa nini alizipaka buluu?

Nikakaa chini, Encarna.

Wewe hukumbuki, hujui hata kasha lako lilikuwa la rangi gani. Mimi nilikuwa na miaka sita, na ndoo niliishika mimi. Mama alilipaka lile kasha chokaa ya buluu iliyobaki baada ya kupaka mlango, ili nzi wasikusumbue na ili, alivyosema, ulale kama binti mfalme. Nikaomba kioo. Nieves akanishikia taa. Nikaiona: buluu ileile, imepauka kidogo tu, gizani humo tangu ubatizo wako. Na kwenye ukingo wa ubavu mmoja, alama mbili ndogo za meno, maana ulikuwa unatafuna kila kitu.

Baba hakukichoma, alikikata kuwa mbavu hizo. Alikukosesha kitanda, hilo kweli, na akaona haya kusema kwamba amekitia gitaani wakati nyumba haina mkate. Akaona heri aitwe mchoma kitanda. Na kila alipopiga, kwenye harusi yako, siku ile basi linakuchukua kwenda Sabadell na yeye juu ya paa anapiga mpaka tukalipoteza basi kwenye kona, kilichokuwa kinalia ni kile kitanda.

Nilipomweleza Nieves, aliweka shavu lake kwenye tumbo la gitaa. Kisha akamwambia Eloy afunge sanduku lake la zana. Mtihani ataufanya na lile jipya, na atawapasua masikio waheshimiwa hao, maana ni gitaa zuri na ni la kazi hiyo. Hili si la ukumbini.

Lakini nusu ni yako na neno ni lako. Eloy nimeshamwambia umekataa, kwa hiyo ukipiga simu, kataa kwa sauti kubwa.

Njoo tini zikiiva. Nitakupeleka kiwanjani mimi mwenyewe, tutashikana mkono, kwa heshima, na mtoto atapiga kutoka kwenye paa. Wasalimie wanao wote, na mumeo mwambie bado ananidai mchezo wa karata ambao najua nitamshinda. Mungu akulindie magoti.

Kaka yako asiye na mfano,
Serafín

Wewe umelea watoto wanne, kwa hiyo umeshashtuka: mtoto asiyejua kukaa anapata wapi meno? Haya, umenikamata. Hayo meno nimeyatia mimi. Buluu ipo.