Kitabu Ndani ya Pipa la Ndizi

Jumatatu, 3 Novemba
Neema wangu amemaliza kitabu kizima! Cha hadithi, si cha mtihani. Hakuna aliyemlazimisha. Kurasa mia mbili na kitu, na ana miaka kumi na minne tu. Nimewatangazia sokoni hadi wateja wa ndizi wakasahau kubembeleza bei. Watoto wa wenzangu wako kwenye simu. Wangu anasoma. Mimi niliishia darasa la saba, lakini tumbo hili limezaa akili.

Jumatano, 5 Novemba
Kitabu aliazima kwa Bi Hansa, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, hapa hapa Kaloleni. Kumbe kila akitoka shule anapitia kwake. Wanasoma pamoja, wanacheka. Kwangu hacheki. Kwangu ni "ndiyo mama", "sawa mama".
Nimenuna. Nakiri.

Jumamosi, 8 Novemba
Amekuja na kingine. Anakula huku anasoma. Nikamsimulia weee, kisha nikamuuliza, "Nimesema nini?"
"Umesema ndizi."
Ndizi! Nilikuwa nasimulia harusi ya shangazi yake.
Akaongeza, "Bi Hansa anasema mtu asikatishwe katikati ya sura."
Bi Hansa anasema! Nani alimzaa? Wivu umenishika.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada nimekificha kitabu. Kwenye pipa la kuivishia ndizi, chini kabisa, nikafunika na majani makavu kama mama alivyonifundisha kule kijijini Kikatiti. Pipa halifunguliwi kabla ya siku nne. Neema ametafuta hadi chini ya godoro. Nikamsaidia kutafuta. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimefungua. Ndizi njano tupu. Kitabu nacho kimeiva. Jalada limevimba, kurasa zimeshikana, madoa meusi. Utomvu wa ndizi hautoki, nani asiyejua? Muuza ndizi mzima sikuliwaza hilo.
Neema amekiona mikononi mwangu. Hakulia. "Sisomi tena, mama. Nitamwambia nini bibi wa watu?"
Jioni nzima amekaa tu, anatazama ukuta. Si ndivyo nilivyotaka?

Ijumaa, 14 Novemba
Nimekwenda mwenyewe dukani kwake. Nimesema yote, hadi wivu. Bi Hansa akapekua, akanusa. "Mama Neema, hakuna kitabu changu kinachonukia hivi." Kisha akasema, "Huyu mtoto hana habari nyingine ila wewe. Akikutana na mtu mwenye maneno mengi kwenye hadithi, anapiga kelele, huyu ni mama!"
Kumbe ndicho wanachochekea. Nimecheka na kulia pamoja.

Jumanne, 18 Novemba
Neema ananisomea kile chenye madoa. Mimi namenya ndizi. Kurasa zilizoshikana anazibuni mwenyewe. Sikumkatisha hadi mwisho wa sura. Nilijikaza.
Kipaimara chake kimekaribia. Ukoo wote unashuka kutoka mlimani. Bi Hansa hali nyama, nitampikia machalari, ndizi zetu za mchuzi, bila nyama, kwenye sufuria yake peke yake. Nimeshawaalika wote, na Bi Hansa wa kwanza: Jumapili, tarehe 23.