Kabla ya Kusema Abee

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia huku mlimani, marahaba. Hatujambo. Mama yako amevuna njegere, na goti langu linanuna kwenye miteremko tu.

Unauliza kama mchumba anayekuchagulia marafiki ana kosa, maadamu hajakupiga.

Serikali iliporuhusu biashara huria miaka ile, tulishuka na vikapu vya mboga hadi sokoni Morogoro. Mume wangu wa kwanza, kabla ya babu yako, hakuniacha niende bila yeye. Wenzangu walisema nimependwa. Siku moja njiani mama yangu akaniita kutoka nyuma. Sisi tulilelewa hivi: mama akiita, unaitika "Abee" hata kabla ya kugeuka. Mimi nilimtazama mume wangu kwanza, nione kama ameruhusu.

Mama aliona. Akatua kikapu chake. "Mwanangu, leo unarudi nyumbani."

Hakuwahi kuniona na jeraha. Na shamba letu, kwa desturi ya Waluguru, lilikuwa la ukoo wa mama, kwa hiyo nilikuwa na pa kurudi. Nawe unapo.

Jumapili mama yako atakupigia simu. Kabla ya kuitika, utamtazama nani?

Bibi yako