Kikao cha Kurudisha Vipande vya Msumeno wa Marehemu Mathias

UMOJA WA MAFUNDI SEREMALA, MAJENGO, SONGEA

Kikao cha dharura, Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1994
Mahali: karakana ya nyumbani kwa Ndugu Hironimus Mapunda
Saa: kilipangwa kuanza saa 8:00 mchana. Kilianza saa 9:10, Mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA (na kipande cha mashine ambacho kila mmoja anakitunza)
1. Ndugu Otto Ngonyani, Mwenyekiti (meza)
2. Ndugu Aidan Komba, Katibu (gurudumu la juu)
3. Ndugu Hironimus Mapunda (kiwiliwili, kwa kuwa hakibebeki na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu)
4. Ndugu Hassani Daimu (gurudumu la chini)
5. Ndugu Pankrasi Haule (boliti, nati na vikorokoro)

ALIYEALIKWA
Mama Walburga, mjane wa marehemu Mathias Nchimbi

ASIYEHUDHURIA
Ndugu Daudi Gama (mota). Yuko Maposeni anatayarisha shamba la mahindi. Mota ililetwa na mkewe kwa toroli, bila barua ya udhuru.

KUMB. NA. 1/11/94: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Ndugu Hassani aliomba dua yake kimyakimya, akamaliza mapema, akasubiri.

KUMB. NA. 2/11/94: YATOKANAYO NA KIKAO CHA AGOSTI
Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kwamba kwa desturi ya Umoja, fundi akifariki zana zake hurudi kwa mafundi wenzake, zisije zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baada ya Ndugu Mathias kufariki mwezi Juni, kikao cha Agosti kiliamua kuuchukua msumeno wake wa mkanda, ule mkubwa wa chuma wenye mwaka 1936 ubavuni, ambao marehemu aliununua mnadani wakati karakana ya ushirika ilipokufa.

Katika kikao hicho cha Agosti kila mjumbe alieleza kuwa mashine hiyo ni kuukuu, ni mzigo, na inajaza nafasi, na kwamba yeye yuko tayari kuubeba mzigo huo nyumbani kwake. Kura zilipigwa. Wagombea walikuwa sita na kila mmoja alipata kura moja. Ndipo Mwenyekiti alipopendekeza mashine ifunguliwe na kila mjumbe akae na kipande, ili asiwepo wa kuitumia peke yake. Pendekezo lilipita kwa kauli moja. Katibu anakiri kwamba siku ile alilisifu kwa maandishi.

Ndugu Hironimus alisema haoni aibu kusema ukweli, mashine ile anaipenda. Alieleza kwamba chuma chake kiliyeyushwa na kumiminwa na watu wasiokuwa na haraka, na kwamba marehemu aliwahi kuweka kikombe cha chai kilichojaa juu ya meza yake, akapasua ubao mzima wa mninga, kisha akainywa chai yote bila tone kumwagika. Aliilinganisha na mashine mpya za bati zinazojaa madukani tangu biashara iwe huria, ambazo mojawapo imenunuliwa na Ndugu Pankrasi.

Ndugu Pankrasi aliomba jina lake lisitajwe. Mwenyekiti alimtaka athibitishe au akanushe kwamba mashine yake ikiwashwa hutembea. Ndugu Pankrasi alithibitisha, lakini alisema huwa haivuki mlango.

Mwenyekiti aliuliza kama wapo wajumbe wengine wanaoipenda mashine ya marehemu. Walinyoosha mikono wote. Katibu aliongeza kwamba gurudumu la juu amelisugua kwa msasa na mafuta hadi linaonyesha uso, na kwamba mkewe ameshauliza mara mbili litaondoka lini chumbani.

KUMB. NA. 3/11/94: TAARIFA YA JARIBIO LA TAREHE 5
Ndugu Hironimus aliripoti kwamba Jumamosi iliyopita vipande vyote vilikusanywa hapa na mashine ikaunganishwa. Ilipowashwa, mkanda wa meno uliruka. Ulirudishwa, ukaruka tena. Mara ya tatu Ndugu Hassani alisema, "Bismillahi," akabonyeza swichi kwa fimbo ndefu, na wajumbe wengine wakaendelea kutoa michango kupitia dirishani. Mkanda uliruka ukakata kamba ya kuanikia nguo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba nyuma ya ekseli ya juu palikuwa na vibati vinne vilivyokatwa kwenye kopo la maziwa, na kwamba vibati hivyo havipo. Ndugu Pankrasi alieleza kuwa alivitupa mwezi wa tisa alipokuwa akisafisha boliti, kwa sababu alidhani ni takataka. Mwenyekiti alisema mficha uchi hazai, na kwamba aitwe mjane aulizwe kama marehemu aliwahi kutaja unene wa vibati hivyo.

KUMB. NA. 4/11/94: MAELEZO YA MAMA WALBURGA
Mama Walburga aliingia saa 10:05, akawaamkia wazee shikamoo, akapewa kiti. Mwenyekiti alimpa pole tena kwa msiba, kisha akamuuliza juu ya vibati.

Alijibu kwamba kibati cha kwanza ni cha kopo zima na vitatu vilivyobaki vimepigwa nyundo hadi vikawa vyembamba, na kwamba juu ya gurudumu lazima pavishwe mpira wa tyubu ya baiskeli ya inchi ishirini na nane. Ya ishirini na sita hubana, na hapo ndipo mkanda huruka. Ndugu Hassani, ambaye alivisha ya ishirini na sita, aliangalia chini.

Mwenyekiti alishukuru, akasema marehemu alifanya vema kumweleza mkewe. Mama Walburga alisema marehemu hakumweleza, ila vibati hivyo alivikata yeye mwenyewe. Mumewe alipoanza kuugua kifua mwaka juzi, kwanza alikuwa akikaa kwenye stuli na kumwelekeza. Aliposhindwa kukaa, kazi yote ilikuwa ya mama huyu: miguu ya meza, migongo ya viti iliyopinda, na makochi aliyouziwa Mwenyekiti.

Alieleza pia kwamba ana kazi ya viti vya wanakwaya wa kigango, vinavyotakiwa kabla ya Krismasi, na kwamba tangu Agosti anakata migongo yake kwa msumeno wa mkono. Amemaliza minne. Imebaki ishirini. Akishindwa, kazi itapewa mtu mwingine, na ada ya shule ya mtoto wake Oliva ya Januari haina pa kutokea. Alionyesha viganja vyake. Katibu ameviona.

Ndugu Hironimus alimuuliza kwa nini hakusema siku ile walipokuja kuchukua mashine. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyatamka:

"Shemeji, mlikuja sita. Mkaniuliza ina uzito gani, mkaniuliza mlango utatosha. Hakuna aliyeniuliza nani anaitumia."



KUMB. NA. 5/11/94: MAAMUZI
Ndugu Pankrasi alipendekeza mama huyu aiunganishe mashine hapa kwa Ndugu Hironimus na awe anakuja kuitumia kwa zamu. Mama Walburga alisema ataiunganisha kwake tu. Ndugu Pankrasi aliondoa pendekezo.

Iliamuliwa kwamba vipande vyote virudi kwa Mama Walburga leo hii, kila mjumbe akibeba chake, na kiwiliwili kibebwe na wote. Ndugu Hassani aliuliza kama desturi ya zana kurudi kwa mafundi imevunjwa. Mwenyekiti alijibu kwamba haikuvunjwa, zana zinarudi kwa fundi. Ndugu Hironimus aliunga mkono, akatoka nje kidogo, akarudi macho yakiwa mekundu, akasema ni vumbi la mbao. Leo karakanani hakujapasuliwa ubao.

Iliamuliwa pia kwamba Mama Walburga awe mwanachama kuanzia leo.

KUMB. NA. 6/11/94: MASAHIHISHO YA KUMBUKUMBU ZA MEI 1993
Mwenyekiti aliagiza daftari la zamani lifunguliwe. Katibu alisoma maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: "Wajumbe walimpongeza Ndugu Mathias kwa migongo ya viti aliyoileta, na kwa kuwa mkono wake haujatetereka licha ya maradhi."

Mwenyekiti alielekeza jina la Mathias likatwe na liandikwe la Walburga. Katibu alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi Mama Walburga aliposema:

"Msimfute. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa karakana yangu. Alikuwa anasikiliza msumeno. Nikikosea, alikuwa anagonga."

Mwenyekiti alimuuliza kama marehemu aligonga siku ya viti hivyo. Alijibu kwamba siku hiyo hakugonga hata mara moja, hadi yeye akazima mashine na kwenda kuangalia kama bado yu hai. Alimkuta anacheka.

Sentensi ya Mei 1993 sasa inasomeka: "Wajumbe walimpongeza Mathias na Walburga." Sehemu ya mkono kutotetereka imeachwa kama ilivyokuwa.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 11:40 jioni, wajumbe wakiwa tayari wameinamia kiwiliwili kutoka kila upande, na Mama Walburga akiwaambia pa kushika.

Otto Ngonyani ............................ Mwenyekiti
Aidan Komba ............................ Katibu