Chupa Niliyoijaza Ofisini

Mpwa wangu mpendwa,

Miguu imegoma, ila mkono bado unaandika. Kijiji kilipougua homa ya matumbo, watu walisema mama yako aliwapikia kwa mikono michafu, hata akafunga mgahawa. Kumbe kisima ndicho kilichokuwa na vijidudu. Mimi, mpimaji wa maji, niliona uvivu kupanda mlima hadi kisimani. Nilijaza chupa kwenye bomba la ofisi, nikaandika “salama”.

Jana nilimwambia mama yako. Akacheka mpaka akakohoa. “Kaka, niliinusa ile chupa mezani kwako! Maji ya kisima yananuka dawa ya bomba tangu lini? Ningesema, ungefukuzwa kazi. Nilingoja useme mwenyewe.”

Nimepumua, mwanangu. Sasa wasomee ndugu zako barua hii kwa sauti, na majirani wasikie.

Mjomba wako, aliyelala usingizi mzito jana.