Juzuu ya Maryamu Imerudi

Mume wangu mpenzi, Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya nyumba ya vitabu, pale pale tulipokuwa tukikaa wanawake siku za Alhamisi. Mkeka ni ule ule, umechanika upande wa mlangoni. Nimewaandikia wake wa watu barua nyingi hapa, za waume walioko Unguja na za waume walioko Lindi, nikaandika hata maneno ambayo mwenyewe nisingethubutu kukutamkia uso kwa uso. Kwako sikuwahi kuandika hata mstari mmoja, kwa sababu hukuwa mtu wa kusafiri. Ulisafiri mara moja tu.

Hii barua sijui naipeleka wapi. Lakini moyo umenijaa, na hapa Kivinje hakuna wa kumwambia, maana kila nyumba ina kilio chake na kila mtu anakilia chini chini.

Unaikumbuka nyumba hii ilivyokuwa? Marehemu aliyeiacha wakfu pamoja na vitabu vyake alisema iwe ya watu wote, na watu wote wakaja kweli. Asubuhi watoto na mbao zao za kuandikia, wanapayuka mpaka masikio yanauma. Baada ya alasiri wazee wa darsa, wakibishana juu ya maji ya kisima kama yanafaa kutawadhia, mpaka wengine wakanuniana wiki nzima. Alhamisi zamu yetu wanawake, wanaojifunza kusoma huku, wanaoletewa barua za kusomewa kule, na wasiokuja kwa lolote ila umbea. Mwezi wa Maulidi nyumba ilikuwa haitoshi, mikeka inatandikwa mpaka uani, na wewe na Maalim Bakari mnagombania nani asome mlango upi wa Maulidi, watu wazima na ndevu zenu.

Maalim Bakari ndiye aliyekabidhiwa nyumba, na alivilinda vile vitabu kuliko alivyowalinda wanawe. Anayetaka kuazima sharti awe na udhu, aje na kitambaa safi cha kufungia, na aseme mbele ya mashahidi atakirudisha lini. "Cha wakfu hiki," alikuwa akisema. "Kikipotea hukumpotezea Bakari. Umewapotezea hata ambao hawajazaliwa." Tulikuwa tukimwigiza nyumbani, wewe ukijitia kikohozi chake, na Zuhura akicheka mpaka anapaliwa na uji.

Na lile sanduku la msaji. Vitabu vingine vilikuwa vya wenye elimu, lakini sanduku lilikuwa letu sote. Ndani yake msahafu uliogawanywa vijitabu thelathini, kila juzuu na jalada lake la ngozi, kila moja na kijumba chake. Mtu akifa mjini, Maalim anazigawa kwa wasomaji, kila mmoja na juzuu yake, wote wanasoma kwa pamoja, na msahafu mzima unahitimishwa kabla kahawa haijapoa. Hapakuwa na maiti aliyenyimwa khitma, awe tajiri au mtumwa wa shambani. Wasomaji walizizoea juzuu zao hata wakawa hawataki kubadilishiwa. Yako ilikuwa ile yenye sura ya Maryamu.

Ndiyo hiyo hiyo uliyoniazimia nilipokuwa na mimba ya Zuhura. Miguu imenivimba, usingizi sina, nimemchukia kila mtu na wewe wa kwanza. Ukakaa miguuni pangu ukanisomea habari za Bibi Maryamu na uchungu wake, polepole, na ukiniona nimesinzia unarudi mwanzo kwa makusudi ili usimalize. Nilikwambia, "Soma haraka, mtoto atazaliwa ana mvi." Ukajibu, "Atamkuta baba yake bado anasoma." Usiku wa kuamkia siku aliyozaliwa ulikuwa huna tena sauti.

Kwa hiyo ilipokuja habari kutoka Njinjo kwamba mdogo wako Somoe ana mimba baada ya zile zote zilizoharibika, sikushangaa ulipochukua kitambaa safi ukaenda kwa Maalim. Mimi nilibisha. Njia ya bara haikuwa na salama, watu walikuwa wamechoka na viboko vya kulimishwa pamba, na maneno ya dawa ya maji yalikuwa yamefika mpaka sokoni, yakisemwa kwa kuangalia nyuma. Ukaniambia, "Mama Zuhura, sina mdogo mwingine." Nikakufungia juzuu mwenyewe, nikakutilia na mihogo ya kukaanga. Maalim alikusindikiza mpaka mlangoni. "Irudi," alisema. Hakusema "urudi." Nilimcheka moyoni siku ile, nikasema huyu mzee ni wa vitabu tu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Watu wa bara waling'oa pamba, vita vikawaka, na njia ya Njinjo ikafungwa kama mlango. Hapa mjini tuliona moshi upande wa vilima. Tuliona watu wakiletwa wamefungwa minyororo shingoni, na sisi wanawake tukasimama kando ya njia tukiwaangalia nyuso, kila mmoja akimtafuta wake na akiomba asimwone. Wengine walinyongwa. Sikuwa na nguvu ya kwenda kutazama, nikamlipa jirani kanga yangu ya Idi aende akatazame kwa niaba yangu. Alirudi akasema hukuwemo.

Nyumba ya vitabu ikafungwa midomo. Akida wa serikali alikuja na askari, akataka kujua watu wanakusanyika kufanya nini.

"Tunawasomea maiti," Maalim akamwambia.

"Maiti wepi?"

Maalim angesema nini, na nusu ya maiti wa mji huu walifia bara? Mwenye maiti bara alihesabiwa mwasi. Tangu siku hiyo hakuna darsa, hakuna Alhamisi, hakuna Maulidi, na hakuna khitma. Watu walikufa wakazikwa kimya kimya. Maalim alibaki anafagia na kufuta vumbi, na kila alipofungua sanduku, kile kijumba chako kilikuwa kitupu. Hakuzisogeza juzuu nyingine kukijaza. Nampenda kwa hilo.

Ndipo wanawake wenzangu wakaanza kunifuata. Umepita mwaka, Mama Zuhura. Mtu hai angeleta hata salamu. Msomee khitma ya siri, ukae eda, utoke, uendelee na maisha. Wengine walisema kwa huruma, wengine walikuwa na kaka wanaotafuta mke. Wote niliwajibu jibu moja. Kuna juzuu imeazimwa, na kitabu kilichoazimwa kiko mikononi mwa mtu. Khitma gani ya msahafu pungufu? Irudi kwanza juzuu, ndipo mniambie habari za khitma. Waliniona nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimekipata kitu cha kushika, nikakishika. Kila Alhamisi nilikuja na Zuhura, tunajifanya tunamletea Maalim chakula, tunachungulia sandukuni. Kile kijumba kitupu kilikuwa furaha yangu. Nilikitazama nikasema moyoni, bado anasoma.

Ilipokuja Idi nilipaka hina mikono na miguu, nikajifukiza udi, nikatia asumini kwenye nywele, kwa sababu niliota unarudi. Nilikutilia sahani. Kila Idi nilikutilia sahani, hata ile ya njaa, tulipokuwa hatuna cha kupakua ila ming'oko iliyochimbwa porini.

Kisha akaja Somoe.

Nilikuwa natwanga uani. Niliona mwanamke anaingia, mifupa mitupu, miguu imepasuka, na mgongoni amefunga mbeleko. Sikumtambua mpaka alipotabasamu lile tabasamu lenu la upande mmoja. Niliacha mchi nikakimbia, Baba Zuhura, nilicheka kwa sauti, maana niliona mbeleko ile nikasema amejifungua salama, amemleta mtoto, na kaka yake anakuja nyuma. Nikamwambia, "Wifi, nipe mwanangu nimpakate."

"Si mtoto, wifi," akasema. Akafungua fundo kifuani.

Ilikuwa juzuu, ndani ya kile kitambaa nilichokifunga mimi.

Alinieleza tumekaa chini kando ya kinu. Kwamba ulimsomea siku zote za uchungu, na alizaa mtoto wa kike, na wewe ndiye uliyemwadhinia na kumpa jina la Maryamu. Kwamba hukuweza kurudi kwa sababu njia zilikuwa na askari, wala hukutaka kumwacha mzazi. Kwamba siku walipokuja kuchoma maghala na nyumba, nyote mliwahi shamba la mihogo mkalala chini, salama. Salama, Baba Zuhura. Ulikuwa umeshasalimika.

Ukakumbuka kitabu.

"Nilimshika kanzu," Somoe aliniambia. "Nikamwambia kaka, acha. Akaniambia, cha wakfu kile, si changu, nitamwambia nini Maalim?"

Ukarudi kwenye moto ukakitoa. Risasi ilikupata ubavuni ukiwa karibu kabisa kufika, ukaja hivyo hivyo kwa magoti, ukampa Somoe mkononi ukasema kirudishwe. Hukuiona adhuhuri. Walikuzika yeye na bibi mmoja wa pale, mle mle kwenye mihogo, kwa kaniki ya yule bibi, bila sanda na bila mtu wa kukusalia. Mtoto aliishi mpaka njaa ilipokaza, naye akaenda. Somoe akabaki na kitabu, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kubeba, akakibeba.

Nimekukasirikia. Nataka ulijue hilo, usije ukadhani ninalia tu. Makaratasi na ngozi. Angefanya nini Maalim, angekukata kichwa? Angekohoa tu, akanuna, na sisi tungemwigiza nyumbani tukicheka, sote watatu. Ulikuwa na mke. Ulikuwa na mtoto anayekaa mlangoni akikungoja. Ukawafikiria ambao hawajazaliwa.

Nilimpelekea Maalim juzuu ile jioni yake. Nilimwamkia, akaitikia huku anaangalia mikono yangu. Alipokijua nilichoshika, alikaa chini palepale kwenye ngazi. Nilimweleza yote, sikumfichia neno. Niliyataka yamwume. Yalimwuma. "Mimi nilisema irudi," alikuwa akirudia, "nilisema irudi," na mimi sikuwa na nguvu ya kumfariji, wala sikutaka. Alipojaribu kuitia kwenye kijumba chake haikuingia, imevimba kwa umande wa porini. Alisukuma taratibu mpaka ikakaa, lakini kifuniko cha sanduku sasa hakifungi sawasawa.

Basi msahafu ukawa kamili, na mimi sikuwa na neno tena. Wanawake walikuja nyumbani kwangu mchana, mmoja mmoja, kila mmoja na vijitabu chini ya kanga, mwingine kachukua vitatu, maana wasomaji wamekwisha. Tulisoma kwa kunong'ona ili walioko njiani wasisikie. Walinipa mimi ya kwako. Kurasa zimeingia moshi. Nilipofika pale ulipokuwa ukirudi mwanzo kwa makusudi, mimi sikurudi. Nilisoma mpaka mwisho, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wamemaliza na walikuwa wananingoja.

Kesho yake nilikoka jiko nichemshe nguo yangu nyeupe niitie rangi nyeusi. Nilivunja kidani, nilifuta wanja, nikamtuma mtu kwa Maalim aniulizie naanza vipi eda yangu. Hakumtuma mtu kunijibu, alikuja mwenyewe, akasimama nje ya mlango.

"Mama Zuhura," alisema, "alifariki lini hasa?"

Nikamwambia alivyosema Somoe, kabla ya mvua za masika, si za mwaka huu, za ule uliopita.

Akahesabu kwa vidole. "Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, mwanangu. Siyo tangu siku ya kusikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imekwisha. Ilikwisha zamani. Huna eda ya kukaa."

Nimeuliza kwa mwingine, akasema hivyo hivyo. Ndiyo sheria, na siigombi. Miezi minne na siku kumi zilinipita nikiwa natwanga, nacheka na watu kisimani, najipaka hina. Nilimaliza kukulilia bila kujua nimeanza. Ile asumini niliyokutilia, niliitia nikiwa mjane. Na wale wenye kaka wameshaanza kupita tena barazani kwangu, nao wana haki, hakuna kinachowazuia.

Zuhura ameniuliza Alhamisi hii twende tukatazame nini sandukuni.

Nakuaga, Baba Zuhura, ingawa wewe uliniaga zamani nami sikusikia. Kitabu cha watu kimefika, kipo mahali pake, na siku moja mtu mwingine atakiazima. Mwambie Maryamu kwamba mke wa mjomba wake alimwona mgongoni kwa mama yake, kwa kitambo kidogo tu, na alifurahi sana.

Mimi mkeo, ambaye eda yako ilimpita,
Mama Zuhura