Uji wa Jumapili Kule Uthiru

Kitisuru, Nairobi
Jumapili, baada ya kazi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Kifua chako kimetulia, au bado kinakusumbua asubuhi? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi ni mzima, na bado ni mpishi kwa mzungu yuleyule, anayekula viazi kila siku kana kwamba aliapishwa. Rispa, mke wa ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke neno.

Mama, sijaonja pombe tangu masika. Najua hapo umeguna. Guna tu, hata mimi siku nyingine siamini.

Ilianza kwa aibu. Andrea, mtunza bustani wa jirani, aliniambia twende Uthiru Jumapili, kuna wanaume wa kwetu na Wakamba wanakaa duara nyuma ya nyumba ya fundi mmoja, chungu kiko katikati. Mimi kusikia duara na chungu, nikajua ni pombe yetu ya busaa. Nikavaa shati safi, nikachukua ule mrija mrefu wa kunywea alioniachia Baba, nikaubeba begani njia nzima kama askari na bunduki yake. Andrea aliuona akanyamaza. Baadaye alikiri aliogopa kwamba akinieleza nitageuka nirudi.

Kufika, nikakuta wanaume wanane kwenye vigoda, hakuna hata mmoja mwenye mrija. Chungu kimejaa uji wa wimbi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenye nyumba, Mzee Mutiso, seremala Mkamba mwenye mvi, aliutazama mrija, akanitazama mimi, wala hakucheka.

"Keti, ndugu yangu," akasema. "Hapa hakuna pombe. Sisi ni watu ya kuogopa pombe."

Kisha akaanza yeye mwenyewe. Alisema jina lake, akasema pombe ilimshinda, akasema leo hajanywa. Wa pili akapokea, na wa tatu, na nikasikia mambo yangu yakitoka vinywani mwa watu nisiowajua. Zamu yangu ilipofika nililia, na hakuna aliyeniambia mwanamume halii.

Mama, yule mzee ana akili. Nilimwuliza kwa nini ameweka chungu na duara, vitu vinavyotukumbusha ulevi. Alisema mtu akiacha pombe huwakosa wenzake kuliko anavyoikosa pombe yenyewe, basi ukimnyima pombe umwachie duara. Na ana subira ambayo mimi sijaiona kwa mtu mwingine. Siku hizi za hali ya hatari Waafrika hawakusanyiki bila kibali, kwa hiyo alikwenda ofisi ya serikali mara nne. Karani alimwuliza mnakutana kunywa nini. Alipojibu uji, karani alicheka mpaka akavua miwani. Mzee alisubiri amalize kucheka, akaomba tena.

Jumamosi moja mwezi uliopita memsahibu alinituma mjini kununua nyama. Miguu yangu ikaanza kwenda kilabuni yenyewe, na mimi nikiifuata. Nilikuwa nimeshausikia ule mvuke wa busaa puani. Nikakimbia, sikufichi, nikakimbia mtu mzima na kikapu mkononi, mpaka karakana ya Mhindi anapofanya kazi Mzee Mutiso. Alinitazama usoni mara moja. Akanipa upande mmoja wa msumeno, akasema, "Vuta." Tukapasua mbao mpaka wakafunga. Hakuniuliza neno. Nyama ilichelewa na nikakaripiwa, lakini nililala nikiwa na akili zangu. Nampenda mzee huyu, Mama, nasema wazi.

Nisalimie ndugu yangu Barasa, na shangazi anayekusaidia kupalilia, na mwalimu wa kanisa letu, mwambie ile Biblia yake sijaiuza.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini kuna neno nimekuwa nikilizunguka. Rispa, funga mlango kwanza, Mama asikie peke yake.

Mama, siku tuliyomzika Baba, mimi mtoto wake wa kwanza ndiye niliyepaswa kutupa udongo wa kwanza. Waliniita, wakaniita. Nilikuwa nyuma ya ghala, nimelewa, siwezi kusimama, na Barasa akatupa kwa niaba yangu. Wewe hujawahi kunitajia. Mzee Mutiso anasema kosa halilipwi kwenye duara, hulipwa nyumbani. Nisamehe, Mama.

Nitakuja mwezi wa Krismasi, Mungu akipenda. Kila nikija hunipikia busaa, na kijiji kizima kinajua busaa yako haina mfano. Safari hii usipike. Watakuuliza ni mama gani anayempokea mwanawe hivyo, mikono mitupu. Waambie mimi ndiye niliyekuomba. Kilabu za Nairobi najifunza kuzipita, lakini chungu chako siwezi kukipita. Ukinipa nitakunywa, kwa sababu umenipa wewe.

Nikifika, usinikaribishe ndani kwanza. Nipeleke kwa Baba nikiwa bado nasimama wima, nikatupe udongo wangu.

Mwanao wa kwanza,
Wekesa